Nilimwita Akale

Delmar aliisimamisha juu ya Bahari Nyeusi,
futi elfu thelathini na nne, injini zote sita zikiwaka,
kwa sababu nilimwita akale.
Akapanda ngazi. Akala viazi, akasifu maharage.
Usiku moyo nao ukasimama.

Mwezi wa nne huu. Nimeshuka na kapu la nguo chafu,
nikabonyeza kitufe nikidhani ndicho cha kuzimia.
Ndege ikaendelea na safari yake
kana kwamba mwenyewe alikwenda kunawa tu.

Sikujua kitu. Nilijua cherehani.
Pedali ni pedali, mguu una akili zake.
Vishikio sita vya moto alivipa namba
kwa rangi yangu ya kucha, ile aliyoapa hajaiona.
Nikavisukuma vyote. Kimya.
Nikahesabu hadi kumi na mbili ndipo zikaitika,
polepole, kama wazee wa kanisa walioulizwa kuhusu fedha.
Aliwahi kunionya: jeti zile za kale
ukiziomba nguvu leo, zinakupa kesho;
ukichelewa kuomba, unazikwa na ombi lako.

Kwenye daftari lake la kijani, mwandiko wa mkono wa kushoto:
Usiinue pua. Magurudumu ya mbele na ya nyuma yaguse pamoja.
Parachuti ndogo ifunguke kabla ya kutua, si baada.
Kuhusu bomu, neno moja:
Moja.

Mimi ni Elvera, wa kina Unruh, wa Goessel.
Kwetu hatushiki bunduki. Wazee wetu waliacha mashamba
kando ya mto Molochna, wakaja Kansas
na mbegu za ngano sandukuni,
mradi vijana wao wasiitwe jeshini.
Kisha mimi nikaolewa na rubani wa Salina,
rubani wa ndege ya mabomu.
Baba hakuja harusini. Alituma ndoo ya asali, bila barua.

Kwenye skrini kuna mstari mwekundu. Nikaufuata.
Ukatoka baharini, ukashika kaskazini,
mbele yake uzi wa bluu, na jina kwa herufi za sisimizi.
Nikavaa miwani, nikalisoma kwa sauti.
Bibi alipolitaja alikuwa akiimeza herufi ya mwisho.

Miaka hamsini na tisa, Delmar hakusema walimpa wapi.
Niliuliza mara moja, mwaka wa sitini na mbili, watoto wamelala.
Akasema: ramani yetu haikuchorwa watu.
Hii nayo haikuchorwa. Mapaa yamebandikwa ardhini kama viraka,
miti yote ni mti mmoja.

Nikageuza. Bawa la kushoto likainama,
dunia ikasimama wima kando ya bega langu,
na kipimo cha mafuta kikaniambia
ya kwenda yapo, ya kurudi hayakuwahi kuwemo.
Hilo pia halikufika mezani kwangu.

Basi nitatua hapa hapa, nikasema, na mzigo wangu tumboni.
Nikatafuta shamba. Nikashuka kwa kasi mno,
nikaomba nguvu, nikahesabu, nikafika saba.

Umekufa, programu ikaandika kwa adabu. Uanze tena?
Nikaanza tena. Bahari Nyeusi ileile, wingu lilelile,
na juu ya ngazi, kwa saa ya mashine,
viazi bado vya moto.

Nimekufa mara kumi na moja tangu Jumapili.
Mchungaji Voth akipiga simu naambia nafua, na si uongo,
ngoma ya mashine inazunguka nyuma yangu.
Ya kumi na mbili nitaingia kutoka magharibi,
parachuti mapema, pua chini,
mlango wa bomu umefungwa.
Shamba ni refu. Bibi aliliacha akiwa na miaka minane,
alisema farasi walikuwa wakipumzishwa katikati
kabla ya kufika mwisho wa mtaro.