Dakika Tatu Kabla ya Taarifa ya Habari

Tulikuwa watano, na mwenye masikio alikuwa Zahran.
Radi ikipiga mwezi wa kumi upande wa Dhank
huchukua kalenda ya duka lake la matairi,
hutia alama nyekundu, huhesabu siku sabini.
Ya sabini na moja, alfajiri, hupiga honi mara moja tu
ili majirani hapa Ibri wasiulize.

Hatukuwa wachuuzi. Mimi fundi wa miwani,
Bi Ghaniya mkunga, Thuwaini na mkewe
wakisomesha hesabu skuli moja.
Tukiinama tu Ijumaa nzima, kila mtu na bakora yake,
tukitafuta mahali ardhi imevimba kidogo
ikapasuka, kama unga unaoanza kuumuka.
Chini yake, faga: uyoga usio na shina wala mwavuli,
mweupe, wa baridi, ukubwa wa ngumi ya mtoto.

Sheria ilikuwa moja: ukichimbua, fukia.
"Aliyejifungua hufunikwa," akisema Bi Ghaniya,
na hakuna aliyembishia.

Kisha akaja mpwa wa Thuwaini na kamera,
kijana mpole, viatu vyeupe,
na kile kidude kinachovuma angani
kama nyuki aliyeajiriwa.
Zahran akaenda kukagua tairi
lisilokuwa na tatizo.
Mimi nikasimama. Nikapangusa miwani.
Nikasema yote: radi, siku sabini,
kichaka kifupi chenye maua ya manjano
ambacho faga haikai mbali nacho.
Halafu nikataja jina la bonde.
Hakuniuliza jina. Nililitaja tu.

Shangazi yangu wa Pemba, sijui alitumiwa na nani,
akapiga simu: "Nimekuona, mwanangu! Umenenepa!"
Nikaiangalia mara sita.
Ya saba nilizima sauti, nikautazama mdomo.

Ulimi uliponza kichwa, wanasema.
Wangu uliponza bonde.

Mwaka uliofuata tulikuta foleni.
Foleni, jangwani! Magari ya Maskati, ya Sohari, ya Dubai,
reki, majembe, mtu na mashine ya kutafutia dhahabu,
mwengine anauza mahindi ya kuchoma,
magurudumu yamelala juu ya maua ya manjano,
na mashimo wazi, wazi, wazi, mpaka chini ya kilima.
Bi Ghaniya alishuka akaanza kufukia kwa mguu.
Alifukia kumi na tisa. Akarudi garini.

Kizuri kula na nduguyo.
Sawa. Lakini ndugu wangapi, na wenye reki?

Na sitaki kuficha: palikuwa na msichana,
miaka saba labda, kandambili za waridi,
amepiga magoti mbali na baba yake.
Aliinua faga moja kwa mikono miwili
akainusa.
Uso ule naujua. Ulikuwa wangu, mwaka tisini na nane.
Basi ningemfukuza nani?
Kama alifukia shimo lake, sikuona;
gari la mtu lilipita kati yetu.

Zahran hakunilaumu. Alirudi dukani, akaziba pancha.
Miaka miwili tumezungumza mpira.

Jana usiku imepiga, mbali, upande nisioujua.
Simu ikalia.
"Umesikia?"
"Nimesikia."
Kimya. Nikasikia kifuniko cha kalamu kikitoka.
"Ipo sehemu," akasema, "wanaiita..."
"Usinitajie," nikamkata.
"Wewe nichukue tu. Miwani nitaivua njiani."