Mekanika ya Miamba, Krediti Tatu

Nizwa, Jumapili asubuhi. Kiyoyozi kinadondosha maji
kwenye kopo la rangi lililotegwa chini yake.
Dirisha namba tatu: Uhamisho na Ulinganisho.
Miaka miwili na nusu ya uhandisi wa petroli
imeenea yote ndani ya bahasha moja ya kaki.

Sitini na mbili, nasema. Krediti sitini na mbili.
Bwana Khalifa hainui macho. Ana rula ya plastiki,
anaishusha mstari kwa mstari
kama fundi anayekupimia kanzu na kitambaa hakitoshi.

Kiingereza, cha kwanza na cha pili: zinapita.
Hesabu: moja inapita, ya pili haina mwenziwe.
Utangulizi wa Jiolojia: inapita, na midomo yake inalegea kidogo,
kama mtu aliyekuta jamaa kwenye foleni.
Kemia ya Mafuta: hapana.
Mtiririko wa Vimiminika: hapana.
Uchimbaji wa Visima, ulioninyima usingizi muhula mzima
nikawapita wavulana wote: hapana.

"Shahada hii ni ya hifadhi na utalii wa nje, binti yangu.
Huku tunamwongoza mgeni asife kwa kiu.
Hatumchimbi."

Julai yangu ya Fahud inafutwa kwa mstari mmoja mwekundu:
kofia ngumu, chumvi iliyokauka mgongoni,
msimamizi aliyeniita "ustadhi" kwa kukosa neno la kike.

Simu inatetemeka. Mama. Napokea kwa kunong'ona, kwa Kiswahili,
maana hatujawahi kugombana kwa Kiarabu.

"Wamekukata ngapi?"
"Hajamaliza."
"Mwambie ada tumelipa zote. Risiti ninazo.
Na huko mlimani utauza nini, Thuwaiba? Upepo?"

Rula imesimama.
"Mama yako wa wapi?" Kiswahili kilekile,
ila chake kina vumbi la bara.
"Alizaliwa Wete."
"Wangu, Buyenzi. Bujumbura."
Tunatazamana kidogo. Kisha rula inaendelea kushuka,
wala sikutegemea vingine. Undugu hauna krediti.

Mekanika ya Miamba.
"Haina mwenziwe," anasema, na kalamu inainama.

Subiri, nasema. Nani atatoboa matundu ya bolti kule Jabal Shams?
Chokaa ile ina mishipa. Ukiigonga kwa nyundo inajibu:
iliyo nzima inalia, iliyooza inaimeza sauti.
Mwezi wa kwanza nilining'inia pale, juu ya Wadi Ghul,
mita mia mbili za hewa chini ya soli zangu,
na mbuzi-mwitu jike ananitazama, anatafuna,
amesimama kwenye ukingo mwembamba kuliko rula yako.
Yeye hakusoma mekanika. Mimi ilinibidi.

Walinifundisha kutoboa jiwe ili litoe.
Mimi nataka kulitoboa ili lishike.

Tone moja koponi. La pili.
Bwana Khalifa anaifunika kalamu nyekundu.
"Iandike hiyo. Ukurasa mmoja, bila mbuzi.
Kamati inakaa Jumatano. Sijakuahidi kitu."

Nikaiandika. Mbuzi nikamwacha,
akajipenyeza aya ya mwisho, hata sijui vipi.

Wamenirudishia tatu. Ishirini na saba kwa jumla.
Thelathini na tano zimebaki kwenye bahasha,
na bahasha iko chini ya godoro, sijui kwa nini siitupi.
Nitaanza upya na watoto wa miaka kumi na minane,
nitajifunza tena kusoma ramani, kufunga fundo,
kuhesabu vinyesi vya wanyama bila kucheka.

Nikampigia mama kutoka maegeshoni, chuma cha gari kikichoma.
"Tatu?"
"Tatu."
Kimya. Nikasikia sufuria ikifunikwa,
moto ukipunguzwa.
"Basi nunua viatu vya maana," akasema.
"Hivyo ulivyonavyo vinateleza."