Deni Chini ya Gitaa

Mimi ni fundi vioo, si mtu wa muziki.
Niliitwa kupima.
Urefu mita moja kasoro, upana futi na kitu,
miguu minne ya kuchomoa, pedali tatu,
na ya tatu si ya kiwandani:
ni klachi ya Bedford, imekatwa kwa msumeno
na kuchomelewa gereji za Njoro
na mtu aliyejua anasikia nini kichwani.

Aikande alilileta kutoka Kibosho
limeviringwa blanketi la hospitali.
Miaka ishirini na sita lilikaa darini juu ya jiko
likila moshi pamoja na mahindi ya mbegu.
"Baba alisema lisiuzwe," akasema.
"Hakusema lifanywe nini."

Sasa lina chumba. Ghala la zamani la kahawa
karibu na stesheni, sakafu bado inanuka magunia,
na Bi Hidaya Mchomvu, glavu nyeupe
kama za bwana harusi, analipangusa
kwa brashi ya poda, pumzi ameibana.
Jasho la vidole hafuti. Doa la mbege hafuti.
"Uchafu natoa, maisha nayaacha," akanieleza,
nami sikuuliza anatofautishaje,
maana hata mimi, kwenye kioo kikuukuu,
najua ukungu upi ni wa kufuta
na upi umeshakuwa kioo.

Kisha akaniomba nilegeze nyuzi.
Kumi. Zikibaki zimekaza, mwili utapinda
polepole, kama mzee anayekataa fimbo.
Nikazungusha funguo moja moja
na kila uzi ukashuka ukilalamika,
si noti, ni ule mguno
wa mtu anayevuliwa viatu baada ya safari.
Aikande akatoka nje.
Akasimama akiutazama mlima,
au mahali ulipo mlima,
maana siku ile ulikuwa umejifunika.

Sikuwahi kumwona Ndekirwa Lyaruu akipiga.
Nimesikia tu: kwamba aliketi kama karani,
chombo mbele yake kama meza ya kodi, uso hauchekeki,
mkono wa kushoto ukisukuma kipande cha chuma
na sauti ikateleza bila kukanyaga ngazi;
kwamba aliwakopesha watu wa Majengo machozi
kila Jumamosi, wakamrudishia Jumapili kanisani;
kwamba yeye mwenyewe alikopa kila kitu.

Hilo la kukopa nimelithibitisha.
Tulipoligeuza nipime tumbo lake
palikuwa na maandishi ya penseli:
Mama Oforo, sabuni na chumvi, sh. 6.
Selengia, betri.
Shayo wa bucha (kafa, lipa mjane).
Na chini kabisa, mkono ukiwa na haraka:
Temba, kioo cha dirisha, sh. 14. Bado.

Temba ni baba yangu.
Dirisha gani, sijui. Lilivunjwa na nini, sijui.
Baba hakulitaja deni hilo hata siku moja.
Ila alipokata kioo alipiga mluzi,
wimbo mmoja tu, wa kuteleza,
na mimi nilidhani kautunga mwenyewe.

Aikande akafungua pochi.
Nikamwambia, ukilipa, itabidi pafutwe.
"Hapa hapafutwi kitu," akasema Bi Hidaya,
na pochi ikafungwa.

Kabati limekamilika: milimita sita,
pembe nimezisugua hadi hazikati.
Chini nimelaza kioo cha kujitazamia
ili anayeinama asome tumbo la gitaa
na aone uso wake katikati ya wadai.
Herufi zinatoka kinyumenyume.
Watoto wa shule wanazisoma haraka kuliko sisi.
Lori zito likipita barabarani
nyuzi zilizolegea hutikisika kidogo
na kioo changu hujibu, mm,
kama mtu aliyeitwa yuko usingizini.

Ankara niliandika hivi:
vioo vitano, cha kujitazamia kimoja,
silikoni, nauli ya mkokoteni.
Mstari wa mwisho: kioo cha dirisha, sh. 14.
Bi Hidaya akapiga muhuri bila kuinua macho.

Hundi iko tayari tangu Machi.
Sijaifuata bado.