Ghorofa ya Nane

Ijumaa, saa sita kamili ya usiku, singo mpya zinamwagika.
Niko kaunta ya duka la dawa, Gldani, pembeni mwa Tbilisi.
Sikio la kulia nimewaachia wenye homa,
la kushoto nimelitia waya.

Hawana lebo, hawa. Hawana bango wala meneja.
Wana gitaa la mkopo
na jina walilolibuni bafuni.

Wa kwanza katoka Rustavi, anapiga metali:
ananguruma kama mtu anayeng'olewa jino,
mara, katikati, kimya, na mama yake
(nadhani ni mama yake)
anamwuliza kama amekula.
Hakuikata sauti ile. Nampenda kwa hilo tu.

Mzee anataka matone ya macho.
Namrudishia chenji, narudi.

Mapacha wa Batumi: kinanda cha umeme na mvua.
Mvua ya kweli. Ya kutengeneza naijua,
haipigwi na upepo.
Rapa wa Zugdidi ana haraka kuliko maneno yake.
Msichana wa Telavi katandika ngoma ya mashine
chini ya sauti tatu za bibi zake;
dakika ya kwanza zinagombana,
ya pili zinatafutana,
ya tatu sijui, kuna mtu alitaka dawa ya kikohozi.

Si zote nzuri, nisiseme uongo.
Nyingine naziacha sekunde ya ishirini,
halafu dhamiri inanisuta:
nisipozimaliza mimi, nani?

Saa tisa na robo. Wimbo hauna picha.
Mwimbaji kaandika herufi moja tu, R.
Umesikilizwa mara sita.
Nyuzi za nailoni, sauti ya mwanamume asiyezoea kutazamwa,
anaimba juu ya milango aliyoifungulia watu
na hakuna aliyemwambia karibu ndani.
Kisha, nyuma ya ubeti wa pili:
sarafu inaanguka kwenye bati,
lifti inakohoa mara mbili, inapanda,
na ikifika ghorofa ya tano inalia
kama paka aliyekanyagwa mkia.

Lifti hiyo naijua.
Inakula tetri zangu kila asubuhi.

Narudisha nyuma. Sarafu. Kikohozi, kikohozi. Paka.
Ni Ramazi wa ghorofa ya nane, fundi vitasa,
ambaye kwa miaka tisa
tumeambiana "baridi leo" na "baridi kweli",
basi.

Sikumwandikia. Ningeandika nini?
Niliusikiliza hadi sita ikawa kumi na nne
na mteja mmoja akaniuliza kama naumwa.

Asubuhi nilimkuta mbele ya lifti,
mkoba wa vyuma begani,
anajipapasa mifuko.
Nikatumbukiza sarafu yangu.
Ikaanguka vilevile.
Akanitazama, kidogo tu kupita kawaida.
"Baridi leo," akasema.
"Ubeti wa pili," nikamjibu.

Hakusema kitu.
Lifti ikakohoa mara mbili.