Kipande cha Kumi na Saba

Kizota, saa tisa. Vumbi limefika hata kwenye lenzi;
Ndahani anaifuta kwa pamba, hasemi.
Alumini huyeyuka mapema,
chuma cha pua hata wekundu hakijauona.

Jana tulizidisha moto.
Vikashikana, vikang'aa, tukapiga picha.
Asubuhi kipande kilidondoka mezani
kikakatika kama kashata:
katikati, utando wa kijivu
ulikuwa umenenepa kwa joto letu.

"Leo mwanga uegemee chuma," anasema,
"alumini isikie joto kwa jirani."

Mlio mfupi. Kinapoa.
Safari hii hakuna anayetoa simu.
Ndahani anakiangusha makusudi kwenye saruji,
mara moja, mara tatu,
anainama, anakigeuza kwenye mwanga wa mlango.

"Andika," ananiambia. "Kumi na saba.
Kimenyamaza."