Mbachao

Kwanza kidole gumba ndicho kilichokataa.
Kila nikitaka kurudi nyuma
chashuka chini kushoto, pembeni mwa kioo,
palipokuwa na kitufe miaka kumi na mmoja,
na hapana kitu.
Kama mtu aliyehama Kibokoni akaenda Nyali,
usiku gizani angali apapasa swichi
kwenye ukuta wa nyumba aliyoiacha.

Mimi, Famau wa Kuze,
niliyewasomesha watu kwenye benchi la Twaibu, Mwembe Tayari,
hata chai ikapoa na kaimati zikaingia sisimizi:
"Simu ni yako ukiweza kuifungua.
Hiyo Aifoni ni nyumba ya kupanga,
huna ruhusa hata ya kupiga msumari."
Mimi niliyetoa mfumo nikatia mfumo
usiku kucha, waya nimeubana kwa meno;
nikaiua simu ya shemeji yangu Mwanakombo mara mbili
na mara mbili nikaifufua.
Ya tatu nilinunua nyingine kama ile, nikanyamaza.

Twaibu aliliona umbo lake mfukoni kabla sijaketi.
Hakusema kitu.
Alifuta kioo cha mteja kwa spiriti,
akafuta tena kilichokwishafutwa,
kisha, bila kuinua macho:
"Usiache mbachao kwa msala upitao."

Ningemjibu nini?
Kwamba mbacha ndio ulioniacha?
Ule ujumbe wa mwezi wa tatu,
mstari mmoja, hata salamu haukuwa nayo:
kifaa hiki hakitapokea tena masasisho.
Miaka yote hiyo nami naiita mwenzangu.
Yenyewe kumbe yaniita mtumiaji.
Na betri, jamani, betri:
asilimia arubaini nikiwa Sabasaba,
nikifika Makupa nimeshika kigae.

Basi nikahama.
Na huku ni kuzuri, sitakuwa mnafiki.
Picha niliyopiga usiku kwenye jiko la mishikaki la Bi Zulekha,
moshi wenyewe una kivuli.
Haigandi, haichemki, hainiombi ushauri.
Na hapo ndipo pananiuma:
sijui mikono niiweke wapi.
Nimekuwa mgeni wa heshima
aliyekatazwa kuingia jikoni.

Halafu lugha.
Ile ya zamani niliilea mwenyewe.
Ilijua yakhe, ilijua nishafika,
ilijua hata kuniongopea kwa niaba yangu:
nikiandika niko, yenyewe huleta njiani,
nami ningali kitandani.
Hii yapiga mstari mwekundu
chini ya Mwanakombo, chini ya mkate wa sinia,
chini ya kila nilichokuwa kabla ya Jumatano.
Naifunza polepole. Yakhe imeshaishika.
Wallahi bado yaigeuza Wallace,
mtu nisiyemjua,
na wiki hii nimemwapia shangazi yangu kwa jina lake
mara nne.

Jana nilipita tena pale kwa Twaibu.
Alinyoosha mkono, nikampa.
Akaipindua, akaipima kwa kiganja,
akapitisha ukucha kwenye ukingo kutafuta pa kuifungulia.
"Yafungwa kama kaburi," akasema,
lakini hakuirudisha upesi.

Ile ya zamani sikuiuza.
Nilitajiwa elfu tatu, nikajifanya nimetukanwa.
Imo drooni, chini ya risiti za stima, haina laini,
na kila usiku naichomeka chaja, usiniulize kwa nini.
Saa yake imeanza kukimbia.
Alfajiri huniamsha yeye kwanza,
dakika mbili kabla ya mpya,
mlio ule ule, umezibwa na mbao.
Nainuka, mato yamefumba bado, navuta droo.
Kidole chashuka chini kushoto.

Kitufe kipo.