Kwa Filomena, Nikirudisha Kitabu

Filomena, kitabu chako hiki hapa.
Jalada limejikunja, samahani, ni joto la stoo
ninamolala na mashine ya kufulia.
Ule upanga wa moto umebanduka,
umebaki mpini.

Ulinambia Ijumaa ile, pale Ghala, tukitoka ibadani:
"Soma, Mkawasi, utayaona yanayotuzunguka."
Nimesoma. Mikesha minne, kwa tochi ya simu.
Sitaficha: lile pepo lilipokaa darini
likihesabu pumzi za mtoto,
nilivuta shuka hadi utosini,
na kiyoyozi cha Barka kikanguruma kama lenyewe.
Mwandishi anajua kutisha. Hilo namwachia.

Lakini malaika wake, dada,
wote wana sauti moja, ya gwaride.
Mashetani ndio wenye utani, ndio wenye majina,
hata haya wanaona wao.
Mchungaji anakesha siku ishirini akiomba
na hakuna anayeosha sufuria.
Mke wake anakufa sura ya tatu
ili yeye apate machozi ya sura ya nne.

Na yule mhasibu aliyekula mishahara ya makuli:
ukurasa wa mia moja arobaini na nane
pepo linamtoka kwa ukelele, kanisa zima linalia,
wanamkumbatia, wanaimba.
Nikafunua mbele, nikarudi nyuma,
nikadhani kurasa zimegandana kwa jasho.
Mishahara haikurudi.

Agripina, kule Sohar, mwezi wa tano huu hajalipwa.
Nimwambie akemee pepo gani?
Ofisi yake iko wapi,
inafunguliwa saa ngapi, nani anapiga muhuri?

Halafu sura ya saba, moshi wa ubani,
eti ndiyo njia wanayopitia.
Nimefika hapo hapo
Bi Zuwena akaingia na chetezo,
mguu mmoja ukiburuta,
akafukiza nguo zangu, maana nilikuwa na homa.
Kiswahili chake cha Unguja hakikuzeeka naye.
"Wasoma n'ni kizani humu?"
"Vita, bibi. Vya malaika."
"Na sie tumo?"

Nikaupita kichwani mji wote wa kitabu,
vichochoro vyake, mapaa yaliyofunikwa na mbawa nyeusi,
nikamwona kwa mbali mwanamke mzee mwenye moshi:
hana jina, hasemi neno,
anakatiza upande wa adui na sura inafungwa.
"Hatumo," nikamwambia.
"Basi lala,"
akauacha mlango wazi kidogo.

Kama una kingine, niazime. Hata cha vita.
Ila ukifika ule ukurasa wa mhasibu
utakuta nimeandika pembeni, kwa penseli, si kwa kalamu,
unaweza kufuta:
*makuli bado wako nje, wanasubiri.*